Watoto Wauaji wa Banda la Mzee Sefu

Vijana wangu, mdoli muuaji hapewi sauti nzito. Nawasikia ninyi mnaotafsiri sinema siku hizi kwa kompyuta, mmejifungia chumbani na kipaza sauti kidogo kama kidole, na kila mdoli mnamfanya angurume kama trekta linalokataa kuwaka. Mdoli akinguruma, mtazamaji anajua tangu mwanzo kwamba huyu ni mbaya. Anajiandaa, na akishajiandaa mmempoteza. Mdoli anatakiwa awe na adabu. Wangu alikuwa anaamkia watu.

Ngoja niwaeleze. Kuanzia katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mkalimani katika banda la video la Mzee Sefu, pale Kirumba, upande wa kuteremkia Mwaloni kwenye soko la samaki. Banda lilikuwa la mabati, na ndani mlikuwa na mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya meza ndefu, na deki ya video pembeni yake. Sinema zilikuwa za Kiingereza, au za Kichina zenye maandishi ya Kiingereza chini. Mimi nilikaa kwenye stuli kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, nikawaambia watu kwa Kiswahili kinachosemwa. Kazi hiyo ndiyo iliyonisomeshea watoto.

Basi siku moja tukapata kanda ya mdoli. Mdoli wa kike, gauni la kijani, anaishi katika nyumba ya mwalimu wa muziki, na kila anayekwenda jikoni peke yake anamkuta huko na kisu. Kwa Kiingereza mdoli yule alikuwa anatukana tu, matusi ya kumtoa mtu na mkwe wake bandani. Nikaona nimfanye mtoto aliyelelewa vizuri. Kila alipotokea nyuma ya mtu nilisema kwa sauti ndogo, taratibu, "Shikamoo, baba." Yule Mzungu kwenye picha anageuka, anafungua mdomo kwa mshtuko, na mimi namjibia, "Marahaba," maana mtu mzima akiamkiwa haachi kuitika. Ndipo kisu kinashuka.

Banda zima lilikauka. Wachukuzi wa samaki, watu wanaobeba sangara mabegani mchana kutwa, waliinua miguu wakaikunja juu ya benchi. Kwa siku nyingi baada ya hapo watoto wa Kirumba walikuwa wakipita nyuma ya watu wazima na kuwaamkia kwa sauti ile ile, na watu wazima hawakuitika mpaka wageuke kwanza wamwone anayeamkia. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinifuata nyumbani kulalamika kwamba darasa zima limempokea hivyo asubuhi. Alilalamika huku anacheka, na Jumamosi yake nikamwona kwenye benchi la pili.

Kazi hii sikuisomea, wala hakukuwa na mahali pa kuisomea. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kununua pamba. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa kila mwenye mtaji, ofisi yetu ikapunguza watu, na sisi wapiga chapa tukawa wa kwanza kurudishwa nyumbani. Nilikuwa na binti yangu Redempta na wadogo zake wawili, na baba yao alikuwa ameshahamia kwa mke mwingine huko Ukerewe. Mzee Sefu alikuwa na duka la redio na betri. Bidhaa za nje zilipoanza kuingia kwa wingi akaleta televisheni na deki, akajenga banda. Akasikia kuna mama mtaani anajua Kiingereza na hana kazi.

Mkalimani niliyemkuta aliitwa Kulwa. Zamani alikuwa mpiga debe wa mabasi pale kivukoni Kigongo, akiita abiria wa Geita kwa sauti iliyofika Busisi, ng'ambo ya pili, kabla ya kivuko chenyewe. Kiingereza hakuwa nacho kabisa. Alikuwa anatazama picha, anatunga. Sinema ya majambazi aliigeuza ugomvi wa shamba, na daktari akamfanya mjomba wa marehemu. Watu walimpenda sana, tatizo ni kwamba kanda ikirudiwa hadithi inakuwa nyingine, na waliokuja mara ya pili walidai wamedanganywa. Mimi niliajiriwa ili maneno yafanane na sinema. Nilidhani Kulwa atanichukia. Aliniachia stuli yake, akaketi kwenye benchi la mbele, akasema leo na yeye atakuwa mtazamaji.

Kanda yangu ya kwanza ilikuwa ya mtoto muuaji. Familia inafuga ng'ombe wa maziwa huko kwenye baridi, theluji imefunga barabara, na mama anajifungua mtoto mwenye meno yote, ya juu na ya chini. Siku ya pili mtoto anatambaa kwenye uwazi ulio chini ya mbao za sakafu, na vibarua wa pale shambani wanaanza kung'atwa mmoja mmoja. Mimi nilitafsiri kila neno, kama ninavyonakili barua ya bosi. Mtu alipokuwa anaanza kusema, mimi nilikuwa bado namalizia maneno ya yule aliyekwisha kufa. Watazamaji wakaanza kuzungumza mambo yao. Mmoja akauliza ile nyeupe ni nini huko nje, mwenzake akamwambia ni pamba, naye akasema pamba yote hiyo na bado wanaishi kwa shida namna ile. Hakuna aliyeogopa kitu.

Kulwa hakunicheka. Aliniambia nisitafsiri maneno ya mtu, nitafsiri anachotaka. Mzungu anaweza kusimama mlangoni akasema maneno mengi, lakini anachotaka ni kuingia. Sema "Nifungulie," halafu nyamaza, watu wausikie ule mlango ukilia. Alisema kunyamaza ndiko kazi yenyewe, na kuongea ni kwa ajili ya kuwafikisha watu mahali pa kunyamaza. Nilirudia kanda ile wiki iliyofuata kwa maneno machache, na safari hii mama mmoja aliondoka katikati ya sinema kwenda kumwangalia mwanawe nyumbani.

Mengine nilijifunza mwenyewe. Kanda itazame yote asubuhi kabla watu hawajaja, hata kama umeshaiona. Kunywa maji ya uvuguvugu. Soda baridi itakufanya ucheue ndani ya kipaza sauti wakati bibi harusi anakata roho. Moshi wa wakaanga samaki ulikuwa unaingia kwenye deki, basi picha ikianza kuleta chenga tulifungua kifuniko na kupangusa kichwa cha deki kwa kitambaa laini chenye spiriti, taratibu, kama unavyompangusa mtoto macho. Na umeme ukikatika, usinyamaze. Ndani ya banda mlikuwa giza hata mchana, kwa hiyo mimi niliendelea kusimulia mpaka jenereta iwake. Kuna waliosema sehemu nzuri kuliko zote katika ile sinema ya mdoli ni ile waliyoisikia umeme ukiwa haupo.

Kuna tofauti ya mdoli na mtoto, na hiyo ishikeni vizuri. Mdoli anatisha halafu anachekesha. Sinema ikiisha watu wa Kirumba walikuwa wanatoka wakibishana: mtu mzima na akili zake anamkimbiaje mdoli asiyefika magotini, kwa nini hakumpiga teke, kwa nini hawakumtupa ziwani. Walikuwa wanatoka wepesi. Mtoto hakuna aliyesema apigwe teke. Sinema ya mtoto muuaji ikiisha watu walitoka kimya, maana karibu kila mmoja alikuwa na mtoto nyumbani au alikuwa anamtarajia. Ndiyo sababu kanda za namna hiyo tuliziweka mara chache, na baada yake tulimalizia na kichekesho kifupi ili mtu asirudi kwa mke wake na uso ule.

Sasa niwasimulie habari ya Sofia.

Sofia alikuwa anakaanga na kuuza samaki Mwaloni. Mume wake, Masalu, alifanya kazi ya kukata minofu katika kiwanda kimoja cha samaki, na alikuwa mpenzi wa video kuliko wote. Akitoka zamu alikuja moja kwa moja na buti zake za mpira, anakaa mbele, na kama nikikosea jina la mtu ananisahihisha. Walikuwa wameishi pamoja miaka kadhaa bila kupata mtoto. Sofia aliposhika mimba Masalu alituambia hata sisi wa bandani. Mtoto akazaliwa hospitali, wa kiume, mzima, mwenye meno mawili kwenye ufizi wa chini.

Wauguzi walimweleza Sofia kwamba hutokea. Jino moja lilikuwa linacheza, wakaling'oa asije akalimeza. La pili lilikuwa imara, wakaliacha. Kwa hospitali habari ikaishia hapo. Mtaani ndipo ilipoanza. Wazee wenye asili ya pwani walimwita kigego, yaani mtoto ambaye meno yake yamekuja vibaya na anayeletea nyumba nuksi. Wengine hawakuwa na jina lake, lakini walikuwa wameiona sinema yetu, na Masalu alikuwa ameiona nao, benchi la mbele. Kule kiwandani wenzake wakaanza kumuuliza kama sakafu ya nyumbani kwake ni ya mbao. Ulikuwa utani. Masalu akaacha kucheka, kisha akaacha kulala chumba kimoja na mkewe, na mtoto hakumbeba hata siku moja. Waliokuwa wanakuja kumpongeza Sofia walisimama nje ya mlango, wakaacha mchele na sabuni, wakaenda zao.

Kaka yake Masalu, Shija, akavuka kutoka Sengerema. Alikuwa mkulima na mfugaji, mtu mpole, ameanza kuwa na mvi. Asubuhi moja nikiwa natazama kanda nikamwona ameingia bandani na Masalu nyuma yake. Tukasalimiana vizuri, nikawapa benchi. Nilidhani wamekuja kukodi ukumbi.

"Mama Redempta," Shija akasema, "sisi tumekuja kwako kwa sababu wewe haya mambo unayajua."

Nikamuuliza mambo gani.

"Ya watoto hawa. Masalu ananiambia umewasimulia wengi. Tunataka kujua, kutoka kuzaliwa mpaka kuanza, inachukua muda gani. Na kama kuna dalili nyingine kabla."

Mnacheka, lakini yeye hakuwa anatania. Alinijia kama mtu anavyokwenda kwa bwana mifugo kuuliza habari za ndama. Nikamweleza kwamba mimi najua Kiingereza na najua kukaa kwenye stuli, basi. Hadithi ile iliandikwa na watu waliokaa mezani na kalamu. Shija akasema kwa upole kwamba mtu haandiki kitu ambacho hakijaonekana popote. Nikamgeukia Masalu, nikamuuliza mwanao amefanya nini mpaka leo. Akafikiri. Akasema analia, ananyonya, analala, na amemng'ata mama yake. Nikamwambia mtoto yeyote mwenye jino akinyonya atang'ata, hata Redempta alining'ata alipoota meno. Masalu akatazama chini.

Ndipo Shija akanieleza walichokusudia. Huko kwao ng'ambo kulikuwa na mtu anayejua kuwashughulikia watoto wa namna hiyo. Jumamosi atamchukua mtoto, avuke naye Kigongo kwenda Busisi na kuendelea. Sofia abaki, kwa sababu mama atalia na kuharibu. Nikamuuliza kuwashughulikia maana yake nini. Akasema huyo mtu ndiye anayejua. Nikamuuliza Masalu kama amekubali, akasema kaka yake ndiye mkubwa.

Niliona njia moja tu, nikaitumia. Nikaweka kanda ile ile ya mtoto, nikaondoa sauti, nikasukuma televisheni karibu nao. Deki yetu ilikuwa na kitufe cha kusimamisha picha na kuisogeza kidogo kidogo. Nikawaonyesha mahali mtoto anapotoka chini ya sakafu: shingo yake ina mkunjo kama wa buti la mpira. Nikasogeza tena, nikawaonyesha kwenye kona ya chini mkono wa mtu mzima, wenye saa, umemshika yule mtoto kiunoni na kumsukuma mbele. Masalu aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Alikuwa ameitazama sinema ile zaidi ya mara moja na hakuwahi kuuona ule mkono. Nikaona mabega yake yameshuka, nikafikiri tumemaliza.

Shija naye alikuwa ameona vizuri. Akasimama, akavaa kofia yake.

"Huyo ni wa mpira," akasema. "Wa kwetu si wa mpira."

Nikatoa kanda kwenye deki. Wakanishukuru kwa muda wangu, wakaondoka.

Mchana ule nikaenda kwa Sofia. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka na mtoto, kifua kinamuuma, anakamua maziwa kwenye kikombe. Habari ya Jumamosi alikuwa ameshaambiwa. Aliniuliza kama nina ndugu Ukerewe anayeweza kumpokea yeye na mtoto, nikamwambia yuko dada yangu, na boti ya kwanza inaondoka asubuhi. Akasema atafikiri, kwa sababu akiondoka yeye kwa kukimbia, watu watasema amekimbia kwa kuwa ni kweli.

Nikarudi bandani nikakuta Mzee Sefu ameandika kwa chaki kwenye ubao wa nje kwamba Ijumaa saa tisa kutakuwa na sinema ya mtoto mwenye meno. Hakutaja jina la mtu. Hakuwa na haja, kila mtu alijua. Sefu hakuwa mtu katili, wanangu, naomba mnielewe. Mabanda yalikuwa yameongezeka, kila mwenye deki amefungua la kwake, na yeye alisikia kwamba watu wanaiulizia kanda ile. Nilimwambia afute. Akasema watazamaji ndio wanaotaka. Nikamwambia mimi sitaitafsiri. Akasema basi ataitafsiri mwenyewe, na Kulwa akanivuta pembeni. Kulwa alisema Sefu akikishika kile kipaza sauti atamtaja Masalu kwa jina kabla sinema haijafika katikati, kwa kutaka kuchekesha tu. Bora kiwe mkononi mwangu. Nikakubali, na sikupata usingizi.

Ijumaa ile banda lilijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Masalu alikuwepo, lakini mara hii alikaa nyuma karibu na mlango, na Shija kando yake. Shija alitaka kuiona tena sinema ile ikiwa na maneno. Sefu alikuwa mlangoni na kopo lake la viingilio. Nikaanza. Nilisema machache kuliko nilivyowahi kusema, na sikutia chumvi popote.

Sinema ilikuwa imefika pale vibarua wanapokusanyika zizini, mlango ukafunguliwa na mwanga ukaingia. Alikuwa Sofia, amembeba mtoto mgongoni kwa kitenge. Alimlipa Sefu kama mteja mwingine. Akapita katikati ya mabenchi mpaka mbele kabisa, akaketi, akamgeuza mtoto na kumweka mapajani. Waliokuwa kwenye benchi lile waliinuka wakasogea ukutani, mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki peke yake na mwanawe kwenye benchi refu.

Mimi nilikuwa nimemkodolea macho nikasahau sentensi mbili. Nikaendelea. Sinema ikafika pale mtoto muuaji anapotokeza kichwa na kupiga ukelele, sauti kama ya bati linalokatwa kwa msumeno. Mimi kwa kawaida hapo hunyamaza. Nikanyamaza.

Mtoto wa Sofia akashtuka mwili mzima. Akarusha mikono, akalia.

Alilia kile kilio cha mtoto mchanga, kinachokatika katikati kwa kukosa pumzi na kuanza upya. Sofia akampa ziwa, akalikataa. Ukelele ukapigwa tena kwenye televisheni, akalia zaidi, akaficha uso kifuani kwa mama yake. Banda lote sasa lilikuwa halitazami picha, linatazama benchi la mbele.

Mchukuzi mmoja wa samaki, jitu la miraba minne, akasema taratibu kutoka benchi la tatu, "Anamwogopa."

Mtu akacheka kidogo, si kwa ubaya. Mama mmoja aliyekuwa ameinuka akarudi, akaketi karibu na Sofia, akaanza kumpigapiga mtoto mgongoni. Kisha nikasikia mabenchi ya nyuma yanasukumwa. Masalu alikuwa anakuja, anavuka miguu ya watu, anaziba mwanga, na watu wanainama kumpisha. Alifika mbele akasimama kati ya televisheni na mkewe.

"Mama Redempta," akaniambia, "zima hiyo. Mtoto anaogopa."

Nikamtazama Sefu pale mlangoni. Sefu akatazama kopo lake. Nikazima.

Kwenye kimya kile mtoto akalia bado kidogo, kisha akaanza kwikwi. Masalu akainama akamchukua. Alimshika vibaya, kama mtu anayebeba samaki mwenye utelezi, na yule mama mwingine akamwonyesha pa kuweka mkono chini ya kichwa. Wakatoka wote watatu. Baada ya hapo kuna waliodai warudishiwe kiingilio, wengine wakataka sinema ya ngumi, na Kulwa akaweka ya ngumi.

Nje nilimkuta Shija amesimama kivulini, anawatazama wakipanda kilima kuelekea nyumbani. Nilimwogopa kidogo kwa atakachosema.

"Mimi sijasema kwamba ni mzima," akaniambia. "Nimeona tu kwamba analia kama mtoto."

Jumamosi akavuka peke yake. Mtoto wakamwita Mabula. Lile jino lilikaa mpaka alipoanza shule, likang'oka kama linavyong'oka la mtoto yeyote, na wadogo zake waliomfuata walizaliwa mapengo kama sisi wengine. Kigego hawakuacha kumwita kwa siku moja. Wengine walimwita hivyo mpaka alipokuwa mkubwa wa kuwajibu. Shija alikuja kumpakata Mabula alipokuwa anajifunza kutembea, na hata siku hiyo nilimwona anamchungulia mdomoni kwanza. Kazi yetu nayo ikaisha polepole. Watu waliweka madishi ya televisheni juu ya mapaa, kisha zikaja sinema za Kiswahili chenyewe, na mkalimani wa nini.

Lakini siku chache baada ya ile Ijumaa, asubuhi, Sofia alinijia bandani kabla hajaenda Mwaloni, Mabula amelala mgongoni. Nilimuuliza aliwezaje kuingia na mtoto mahali pale, mbele ya watu wote wale. Akasema mtaa mzima ulikuwa umemwona huyo wanayemfananisha na mwanawe, isipokuwa yeye. Alitaka naye amwone. Na sasa alitaka aone mwisho, kwa sababu siku ile tulizima.

Nikaweka kanda pale ilipoishia, sauti chini kabisa, nikamtafsiria yeye peke yake kwa kunong'ona ili mtoto asiamke. Mwishoni baba anamtega mtoto kwa bakuli la maziwa, anamwingiza kwenye pipa, anapigilia kifuniko kwa misumari, na vibarua waliobaki wanalibeba pipa kwenda kulizika kwenye theluji. Majina yakaanza kupanda. Sofia alikuwa bado anatazama.

"Mama yake yuko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia hayupo. Alipojifungua tu alipelekwa chumba kingine, mlango ukafungwa, na sinema haikumwonyesha tena. Nilikuwa nimeitafsiri kanda ile sijui mara ngapi, na hakuna mtu bandani aliyewahi kuniuliza, wala mimi sikuwahi kujiuliza.

Sofia akainuka, akakaza kitenge.

"Ndiyo maana wakamzika," akasema, akaenda sokoni kwake.